Haki ya Kujua, Hiari ya Kukutana

Waheshimiwa wageni, ndugu zangu mlioasiliwa, wazazi mliolea, na wazazi mliozaa ambao huenda mmo humu bila kupenda kujitambulisha, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi kuhusu jambo ambalo limekuwa kazi yangu kwa muda mrefu: kumbukumbu za kuasili zilizofungwa kwa sheria, na safari ya mtu mzima anayetaka kuwafahamu waliomzaa.

Yote nitakayoyasema yanatokana na hoja moja. Haki ya mtu kujua ametoka wapi ni jambo moja, na uhusiano wake na watu aliotoka kwao ni jambo jingine. La kwanza ni haki yake, na hapaswi kumpigia mtu magoti ili aipate. La pili ni hiari ya pande mbili, wala hakuna sheria wala mahakama inayoweza kuliamuru. Kwa miongo mingi mambo haya mawili yamechanganywa, na kuchanganywa huko ndiko kulikowafungia watu wazima majalada yao wenyewe, na ndiko pia kunakowafanya baadhi ya watafutaji wamfikie mtu ghafla, bila hodi, wakidai mapenzi kana kwamba nayo yaliandikwa kwenye cheti.

Wengi hudhani kwamba siri hii ilizaliwa pamoja na kuasili kwenyewe. Historia inasema vingine. Jimbo la Minnesota nchini Marekani lilipopitisha sheria yake mwaka 1917, lengo lilikuwa kuwazuia watu baki wasiyapekue majalada ya mahakama, maana wapo waliokuwa tayari kuitumia habari ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kumwaibisha mama yake au kuwatoza fedha waliomlea. Wahusika wenyewe, yaani mtoto, waliomzaa na waliomlea, hawakufungiwa. Uskoti, ilipoweka sheria yake mwaka 1930, ilimruhusu mtu aliyeasiliwa kuomba maandishi ya kuzaliwa kwake mara tu afikishapo umri wa miaka 17, na utaratibu huo umedumu hadi leo, ingawa umri umeshushwa hadi miaka 16, bila familia za Waskoti kusambaratika. Majirani zao wa Uingereza na Wales, ambao sheria yao ya kuasili ilipita mwaka 1926, walilazimika kungoja sheria ya mwaka 1975 ndipo watu wazima waliofikisha miaka 18 waruhusiwe kuomba. Ni kisiwa kimoja na taifa moja, lakini kwa karibu nusu karne mtu wa upande wa kaskazini alijua jambo ambalo mwenzake wa kusini alinyimwa.

Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1930, majimbo yalianza kutoa cheti kipya cha kuzaliwa kwa mtoto aliyeasiliwa, na kile cha awali kikawekwa kando na kutiwa muhuri. Nia ya kwanza ilikuwa njema, kwa kuwa vyeti vya zamani viliandikwa waziwazi kwamba mtoto ni wa nje ya ndoa, na mtoto aliibeba aibu hiyo kila alipokwenda kuandikishwa shule. Hata hivyo, kizuizi kilichokusudiwa kwa watu baki kilisogezwa hatua kwa hatua katika miongo iliyofuata, hadi kikamfikia mwenye cheti mwenyewe, tena akiwa mtu mzima mwenye watoto. Kansas na Alaska peke yake ndizo ambazo hazikuwahi kumfungia mtu mzima cheti chake cha awali. Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu mtu akiambiwa kwamba mambo yamekuwa hivi tangu zamani, hukata tamaa; akijua kwamba yaliwekwa na wabunge fulani kwa sababu fulani katika miaka fulani, anaelewa kwamba wabunge wengine wanaweza kuyaondoa.

Ukikishika mkononi hicho cheti kipya, hutakiona kuwa na kasoro yoyote. Kina jina la mtoto, tarehe, mahali, na katika nafasi ya mama limeandikwa jina la mwanamke ambaye siku ile huenda hakuwa hata katika mji huo. Pengine kidokezo ni kimoja tu, nacho kiko chini kabisa, mahali ambapo watu hawana desturi ya kusoma: tarehe ya kusajiliwa, ambayo imechelewa kwa mwaka mzima au zaidi baada ya tarehe ya kuzaliwa. Wapo watu walioishi na cheti hicho hadi uzee bila kujua chochote, na wakagundua walipokuwa wakipanga makaratasi ya marehemu mama yao. Kwangu mimi, hati ya serikali inayotamka jambo ambalo halikutokea ni jambo zito, hata kama ilitolewa kwa huruma.

Tunaposema kumbukumbu zimefungwa, inafaa tujue ni kumbukumbu zipi, kwa sababu watu wengi huomba mahali pamoja, wakakataliwa, wakaamini wamefika mwisho. Kwa kawaida maandishi yako sehemu tatu. Kwa msajili wa vizazi kuna cheti cha awali, chenye jina la mama na jina ambalo mtoto alipewa alipozaliwa. Mahakamani kuna jalada la shauri la kuasili, lenye ombi la walioasili, ridhaa ya mama, ripoti ya afisa wa ustawi wa jamii na amri ya hakimu. Na katika shirika lililosimamia uasili, au kwa warithi wake, kuna faili la ndani, ambalo mara nyingi ndilo lenye mambo mengi kuliko yote: maelezo ya mahojiano na mama, afya ya familia, sababu alizozitoa, pengine hata barua alizoandika miaka ya baadaye kuuliza habari za mtoto, ambazo hazikupelekwa kwa yeyote. Kila sehemu ina sheria yake na mlinzi wake. Aliyekataliwa na msajili anaweza kupokelewa na shirika, na aliyekataliwa na vyote viwili anaweza kwenda kwa hakimu na kueleza sababu yake.

Sasa niifikie hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya kufungua majalada, kwamba mama aliahidiwa siri, na ahadi haivunjwi. Ni hoja ya heshima na inastahili jibu la heshima. Jibu la kwanza liko kwenye karatasi zenyewe. Profesa Elizabeth Samuels, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Baltimore, alikusanya hati za ridhaa ambazo akina mama wa Marekani walitia saini katika miongo ya usiri mkubwa, akazisoma moja moja, wala hakukuta hati iliyomwahidi mama kwamba jina lake litafichwa kwa mtoto wake. Kilichomo ni mama kuacha haki zake zote, na katika baadhi yao ni mama mwenyewe kuahidi kwamba hatamtafuta mtoto wala kuiingilia familia mpya. Yaani ahadi ilidaiwa kutoka kwake, hakupewa yeye.

Jibu la pili linatokana na jinsi sheria inavyofanya kazi. Cheti cha awali hakifungwi siku mama anapomtoa mtoto. Kinafungwa siku mahakama inapotoa amri ya kuasili. Mtoto aliyetolewa na mama yake lakini akakulia kwenye kituo cha watoto bila kuasiliwa na yeyote, hubaki na cheti chake cha awali chenye jina la mama. Kama kusudi lingekuwa kumlinda mama, mtoto huyo naye angefungiwa. Mahakama ya rufaa ya jimbo la Oregon ililitazama suala hili mwaka 1999, baada ya wapigakura kuridhia pendekezo la kufungua vyeti mwaka 1998, ikaamua kwamba akina mama hawana haki ya kikatiba wala ya kimkataba ya kujificha kwa watoto waliowazaa. Vyeti vikaanza kutolewa katikati ya mwaka 2000.

Namna Oregon ilivyolitatua suala lenyewe inaonyesha ninachokitetea. Sheria ilimpa mtu mzima cheti chake, na sambamba na hilo ikampa mzazi fomu ya kueleza anavyopenda: kuwasiliana moja kwa moja, kuwasiliana kupitia mtu wa kati, au kutowasiliana kwa sasa. Fomu hiyo haiwezi kukizuia cheti. Inaeleza tu matakwa ya mtu, na mwenye cheti huisoma akaamua kama mtu mzima. Ireland, ambako wanawake wengi sana ambao hawakuolewa walitenganishwa na watoto wao katika taasisi za kidini, ilikwenda njia hiyohiyo kwa sheria ya mwaka 2022: mtu aliyefikisha umri wa miaka 16 hupewa taarifa zake zote za kuzaliwa, na pale ambapo mzazi ameandikisha kwamba hataki mawasiliano, mwombaji hufanyiwa kwanza mazungumzo mafupi ya kumweleza matakwa hayo, kisha hupewa taarifa vilevile. Jimbo la New York, ambalo lilikuwa limefunga tangu miaka ya 1930, lilifungua tarehe 15 Januari 2020, tena likawaruhusu hata watoto na wajukuu wa marehemu aliyeasiliwa kuomba.

Ufaransa imeshikilia njia ya katikati ambayo, kwa maoni yangu, inamwacha mtoto na kidogo mno. Sheria yake inamruhusu mwanamke kujifungua bila kutaja jina. Mwaka 2002 iliundwa tume ya taifa ya kumtafuta mama kama huyo na kumuuliza kama yuko tayari jina lake litolewe. Akikataa, mtoto hapati jina. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliuridhia utaratibu huo mwaka 2003 kwa kura za majaji waliogawanyika, lakini mwaka 2012 ikaihukumu Italia, kwa kuwa Italia haikuwa na njia yoyote ya hata kumuuliza mama baada ya miaka kupita. Kutoka hapo tunaweza kudai angalau hili: mlango usio na kitasa kabisa haukubaliki.

Iko sababu nyingine ya kufungua ambayo hugusiwa kwa haraka, nami nisingependa iachwe. Usiri huficha makosa. Nchini Argentina, utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1976 uliwapora watoto waliozaliwa na wafungwa wa kisiasa na kuwagawa kwa familia nyingine kwa vyeti vya uongo. Mabibi wa watoto hao, waliojikusanya mwaka 1977 kwa jina la Abuelas de Plaza de Mayo, walikadiria kwamba watoto hao walifikia 500, na kwa kuwa wazazi wenyewe walikuwa wameuawa, wakawaomba wanasayansi wapate kipimo cha kumfungamanisha mjukuu na bibi. Benki ya taifa ya vinasaba ilianzishwa mwaka 1987, na hadi sasa wajukuu zaidi ya 130 wametambuliwa. Korea Kusini nako, ambako watoto wanaokadiriwa kufikia 200,000 walipelekwa ng'ambo tangu miaka ya 1950, tume ya ukweli na maridhiano ilitangaza mwezi Machi 2025 kwamba majalada mengi yalighushiwa: watoto waliokuwa na wazazi wanaojulikana waliandikwa yatima waliookotwa, na mtoto aliyefariki kabla ya kusafiri alibadilishwa na mwingine kwa jina lilelile. Kwa hiyo namwonya kila anayefungua faili lake kwamba karatasi ni ushahidi, na ushahidi hupimwa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawa ninaowasemea hawakuiacha asili yao. Walitenganishwa nayo kabla hawajajua kusema.

Niingie sasa katika kazi yenyewe ya kutafuta. Anayeanza nampa shauri la kwanza ambalo wengi hawalipendi: azungumze na waliomlea, kama wapo hai. Wengine hukwepa kwa kuogopa kuwaumiza, na hofu hiyo naielewa, lakini wazee hao huenda wanakumbuka jina lililotajwa kwa bahati mbaya mahakamani, au wamehifadhi nakala ya amri yenye jina la awali la mtoto, na wakifariki, hayo yote huzikwa nao. Isitoshe, mzazi aliyeambiwa mapema na mwanawe mwenyewe hulipokea jambo tofauti na mzazi aliyelisikia kwa jirani. Nawaomba wazazi mliolea mnielewe hapa. Anayetafuta waliomzaa haji kuwashtaki nyinyi, na katika wengi niliowasindikiza, kuuliza kwenyewe kuliwezekana kwa sababu walilelewa vizuri kiasi cha kutoogopa jibu.

Hatua inayofuata ni kuliandikia shirika au idara iliyosimamia uasili na kuomba taarifa zisizomtambulisha mtu, ambazo hutolewa hata katika sehemu nyingi zilizofunga vyeti. Karatasi inayorudi huwa fupi na kavu. Inasema mama alikuwa na umri wa miaka 19, mrefu wa wastani, mtoto wa tatu kati ya sita, amesoma hadi sekondari, anapenda kushona na kuimba, babu mzaa mama alikuwa seremala, alifariki kwa ugonjwa wa moyo, baba hakutajwa. Usiisome mara moja ukaiweka. Mtoto wa tatu kati ya sita ni familia inayoweza kupatikana kwenye daftari la sensa. Seremala aliyefariki kabla ya mwaka fulani ana tangazo la kifo, na tangazo la kifo hutaja watoto wote kwa majina na miji wanakoishi. Nimeona mtafutaji akikaa na ukurasa mmoja kama huo jioni nzima akipigia mstari kila neno linalopimika, na alipomaliza, ukoo wa kuutazama ulikuwa umebaki mmoja.

Ziko pia rejista za kukutanisha watu, kama ile iliyoanzishwa Uingereza na Wales mwaka 1991, yenye sehemu mbili, moja ya walioasiliwa na nyingine ya ndugu zao wa damu. Rejista hizi zina udhaifu mmoja mkubwa: hazimtafuti mtu. Zinangoja majina ya pande zote mbili yawemo, na kama mama hajui kwamba rejista ipo, mtoto atangoja maisha yake yote. Jiandikishe, lakini usikae hapo. Uingereza yenyewe ililiona pengo hilo, ndiyo maana sheria yake ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2005, iliwaruhusu hata ndugu wa damu kuomba taasisi maalumu imtafute mtu mzima aliyeasiliwa na kumuuliza kama angependa kuwasiliana. Nalitaja hili kwa ajili ya akina mama mliomo humu, kwa sababu wengi wenu mliambiwa kwamba saini yenu ilifunga hata kuuliza kama mtoto yu hai.

Kwa mahakama, sheria nyingi hudai sababu nzito, na mahakimu hawakubaliani sababu nzito ni ipi. Ugonjwa wa kurithi hukubaliwa kwa urahisi zaidi, hasa ukiambatishwa barua ya daktari inayoeleza hasa ni taarifa gani inahitajika na itabadilisha nini katika matibabu. Ombi lisemalo tu kwamba mtu anatamani kujua, hukataliwa mara nyingi. Hili linanisikitisha, kwa sababu Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unamtambulia mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, wala haukuweka sharti la kwamba awe mgonjwa.

Kilichobadilisha mambo kuliko sheria zote ni kipimo cha vinasaba. Mate kidogo kwenye kichupa, majuma machache ya kungoja, kisha orodha ya watu wanaochangia vinasaba nawe, kila mmoja na kiasi chake kwa kipimo kinachoitwa sentimogani. Mzazi na mtoto huchangia takribani 3,400 hadi 3,700 kutegemea kampuni inavyohesabu. Ndugu wa mzazi mmoja hukaribia 1,750, lakini hapo kuna mtego, kwa sababu babu, bibi, mjomba, shangazi na mpwa nao huangukia humohumo, na ni umri wa mtu ndio unaosaidia kuamua yupi ni yupi. Binamu wa kwanza huwa karibu na 870, na binamu wa pili, yaani mtoto wa binamu wa mzazi wako, karibu na 230. Anayepata binamu wa pili tu asikate tamaa. Mtu huyo ana mababu wakuu wanaojulikana, nasaba yao inaweza kuandikwa hadi kwa wajukuu wote, na akipatikana binamu mwingine wa upande tofauti, mtafutaji hutazama ni wapi koo hizo mbili zilikutana kwa ndoa au kwa ujirani, mahali na mwaka unaolingana na kuzaliwa kwake. Kwa upande wa baba, ambaye jina lake mara nyingi halimo hata kwenye cheti cha awali, hii ndiyo njia pekee iliyobaki, na kwa mtoto aliyeokotwa ndiyo njia ya pande zote mbili.

Pima kwanza kwenye kampuni yenye watu wengi zaidi, yaani AncestryDNA, maana haipokei matokeo yaliyopimwa kwingine, kisha uyapeleke matokeo yako kwenye hifadhi zinazoyapokea, kama GEDmatch. Lakini fanya hivyo ukijua unachokitoa. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za wateja wa 23andMe wapatao milioni 6.9, na kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi Machi 2025, hivyo swali la nani atamiliki vinasaba vya wateja likawa la mahakama. Tena vinasaba vyako si vyako peke yako. Unapovipeleka, umewapeleka na ndugu zako, wakiwemo ambao hawajui kwamba upo.

Hapo ndipo haki inapokoma na adabu inapoanza, nami naomba mnivumilie nikikaa hapa kidogo, kwa kuwa nimeona kazi ya miaka ikiharibika kwa ujumbe mmoja uliotumwa usiku wa manane. Mtu amepata jina, amelitafuta kwenye mtandao wa kijamii, ameiona picha, ameiona pua yake kwenye uso wa mwingine, na vidole vikaandika kabla ya akili kutulia. Ujumbe umeonwa na mume au na binti wa nyumba hiyo, na mama ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote anaulizwa maswali mezani mbele ya watu. Siri ambayo angeweza kuifungua mwenyewe kwa wakati wake imefunguliwa na mtoto wake, na jambo la kwanza analolisikia moyoni kuhusu mtoto huyo ni hofu.

Mwandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake, barua ya mkono ndani ya bahasha isiyo na maandishi ya ofisi yoyote. Iwe fupi. Sema jina lako, tarehe na mji uliozaliwa, kwamba unafuatilia ukoo wako na unaamini kwamba tarehe hiyo huenda ina maana kwake. Sema kwamba umelelewa na uko salama, kwa maana wengi wa akina mama hawa wamebeba swali hilo kuliko jingine lolote. Sema kwamba hujamwambia mtu mwingine wa familia yake, na kwamba atakapotaka kujibu, namba na anwani ni hizi. Usiambatishe picha za ujana wako wote, usiandike neno la lawama, wala usimwite mama kama hujui atalipokea vipi. Kisha ungoje. Majuma, pengine miezi. Anayeona hawezi kungoja, au anayejua kwamba upande wa pili una mgonjwa au ndoa yenye misukosuko, amtumie mtu wa kati aliyezoea kazi hii, ambaye anaweza kupiga simu na kuuliza kama ni wakati mzuri wa kuzungumza kuhusu jambo la faragha.

Majibu hutofautiana. Yupo anayejibu siku hiyohiyo. Yupo anayekana kwa ukali, kisha baada ya mwaka anaandika. Yupo anayekataa moja kwa moja, na huyo lazima aheshimiwe, kwa sababu kukutana ni hiari. Kukataa kwake, hata hivyo, hakumfungi kaka au shangazi aliye mtu mzima asizungumze akitaka, wala hakukuondolei haki ya historia ya afya. Unaweza kumwomba mtu wa kati amfikishie karatasi ya maswali: magonjwa ya moyo, kisukari, saratani ya matiti, matatizo ya ujauzito, umri waliofariki babu na bibi. Wengi waliokataa kuonana wameijaza karatasi hiyo na kuirudisha. Na wapo wanaofika wamechelewa, wakakuta jina kwenye orodha ya marehemu. Hao wasiambiwe kwamba safari imekwisha, kwani wapo ndugu, zipo picha, na lipo jina lao la kwanza, ambalo mama huyo alilichagua.

Kabla sijaketi, nina ombi kwa wawakilishi wa mashirika na ofisi za serikali waliofika. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, kifungu cha 30, unazitaka nchi wanachama zihifadhi taarifa za asili ya mtoto, hasa utambulisho wa wazazi wake na historia ya afya. Kuhifadhi kunatangulia kufungua, kwa kuwa sheria njema haina cha kumpa mtu iwapo faili limeliwa na mchwa au limetupwa shirika lilipofungwa na jengo kuuzwa. Tangazeni kila shirika lililofungwa lilikabidhi mafaili yake kwa nani. Mafaili yaliyoko kwenye maghala yapigwe picha sasa, pamoja na bahasha zilizobandikwa ndani yake, na barua za akina mama ambazo hazikufika ziorodheshwe, ili mwenye barua akija kuuliza, aambiwe kwamba ipo na apewe.